Rangi Halisi ya Ndege ya Vita

Heri nikiri mwenyewe kabla Likasi nzima haijamaliza kunisimulia. Mimi ni karani, na kila Jumapili hutengeneza ndege ndogo za vita kwa makopo ya maziwa. Mwaka huu nilitaka ile iliyopita juu ya mji wetu wakati Katanga ilipojitenga na Kongo. Umbo nililipata kwenye picha za zamani, lakini picha hizo hazionyeshi rangi.

Nikasikia kwamba Mama Ngalula, mjane wa mtaa wa pili, anafunika pipa lake la maji kwa bati lililodondoka kutoka kwenye ndege hiyo. Nikaenda mbio. Bati lilikuwa la kijani! Nikakwangua rangi kidogo, nikaifunga katika leso kama masalia ya mtakatifu, na kwa miezi miwili nikachanganya makopo ya rangi mpaka yangu ikalingana nayo.

Siku ya maonyesho, kwenye ukumbi wa parokia, nilivaa tai. "Hii ndiyo rangi yenyewe," nikatangaza. "Hata wataalamu wa Ulaya hawaijui!" Watu wakapiga makofi.

Mama Ngalula akainua mkono kwa adabu.

"Papa Kazadi, ile bati ilikuwaka bila rangi. Miye mwenyewe niliipakaka rangi mbele ya Noeli, na ile ilibakiaka niliipakaka ku mulango ya choo. Ile siku ulikuyaka kwangu kukwangua, si uliombaka choo? Ulikaa mule dakika kumi na tano, mulango iko mbele ya macho yako!"