Mafuta Namwaga

Rosa Kiden alipata Kiswahili chake kambini, kwa baba aliyekuwa askari, enzi ambazo watoto walijifunza lugha kwa kutumwa: leta maji, toa kiti, funga mlango. Ni Kiswahili kifupi. Hakijishughulishi kusema kwamba maji yanamwagika. Maji namwaga, basi, na kila mtu mjini Koboko anaelewa kwamba hakuna aliyeyamwaga. Kwa lugha hiyo Rosa aliuza mboga miaka thelathini, akamzika mume, akagombana na majirani na kupatana nao. Haikuwahi kumtia matatani hadi Machi hii.

Shamba lake liko kwenye kona ya barabara iendayo mpakani Oraba, chini kidogo ya lami. Ni matuta machache ya dodo, yaani mchicha, na sukuma, na mwisho wa matuta kuna kisima alichochimba na marehemu mumewe. Mabomba ya mtaa yakikauka, watu huja kwake na madumu. Zam, jirani wa ng'ambo ya ua, alikuwa akisema kwamba uji wa kufuturu uliopikwa kwa maji mengine hauna ladha.

Siku ile, saa nne asubuhi, lori la tangi lilisimama juu ya kona. Dereva alishuka, akachungulia koki ya nyuma, kisha akamwona Rosa akifua.

"Mama, una sabuni? Kipande tu."

Rosa alimpa nusu mche wa sabuni ya buluu. Dereva aliikanda ikalainika, akaipachika penye ufa wa koki mpaka matone yakaacha. Akashukuru, akapanda, akaondoka. Hakusema koki ilikuwa ikivuja tangu lini, na Rosa hakuuliza. Alipogeuka kuanika shuka ndipo alipoona dizeli imejaa mtaroni, imevuka ukingo, na sasa inateremka taratibu kati ya matuta, iking'aa rangi nyingi kwenye jua, ikielekea kisimani.

"Kuja!" alipiga kelele. "Mafuta namwaga! Mafuta namwaga kwa shamba yangu!"

Watu walikuja. Wa kwanza walikuja na madumu ya kuchotea, mpaka Yasiri, mwenyekiti wa mtaa, akawafukuza kwa fimbo na kupiga simu ofisini. Mchana akafika Jane, afisa wa mazingira. Jane ni mtoto wa mji wa Arua, lakini alilelewa Mombasa na kusomea huko, na Kiswahili chake kimenyooka kama nguo iliyopigwa pasi.

"Mama, nieleze polepole. Nini kilitokea?"

"Mafuta namwaga, dada. Mimi iko hapa, nafua nguo. Naangalia hivi, mafuta namwaga."

Jane alimtazama kidogo, akaandika. Hakuuliza mafuta yametoka wapi; aliuliza kama Rosa amewahi kuuza mafuta.

"Zamani," Rosa alisema, kwa kuwa ni kweli. Wakati mumewe yuko hai waliwahi kuuza petroli ya Kongo kwenye chupa, kando ya barabara hiyohiyo. Jane aliandika na hilo. Rosa akaweka dole gumba.

Baada ya wiki moja barua ilikuja. Yasiri aliisoma mlangoni, amesimama, kofia mkononi. Kanuni ya mji ilikuwa fupi: aliyemwaga ndiye anayesafisha. Rosa Kiden, ambaye kwa maneno yake mwenyewe alikuwa anamwaga mafuta shambani, achimbe udongo wote ulioharibika ndani ya siku kumi na nne. Kisima kifungwe. Na jina lake libandikwe ukutani sokoni, kama mtu aliyechafua maji ya mtaa.

"Mimi hapana mwaga!"

"Lakini hapa wewe mwenyewe nasema. 'Namwaga mafuta.'"

"Mafuta ndiyo namwaga, Yasiri!"

"Mimi nasikia wewe." Yasiri aliigeuza barua, akatazama nyuma yake kana kwamba huko kuna jambo lingine. "Hii karatasi ndiyo hapana sikia."

Jioni Zam alifika uani. Alikuta kisima kimefunikwa bati, na mawe juu ya bati.

"Watu nasema wewe narudi kwa biashara ya chupa."

"Nani nasema?"

"Watu."

"Na wewe, Zam?"

Zam aliinua dumu lake tupu, akaenda zake.

Kuchimba Rosa angeweza. Mikono yake ilizoea jembe. Lakini kupita sokoni kila asubuhi chini ya jina lake, na waliokunywa maji yake wakilisoma, hilo hakuliweza. Kesho yake alivaa gauni la kanisani akaenda Arua, kwenye ofisi ya mkubwa wake Jane.

Mkubwa huyo aliitwa Afedra, mzee kutoka mtaa wa Awindiri, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alisoma barua, akamsikiliza Rosa, akamwita Jane chumbani. Kisha akamgeukia Rosa.

"Mama, mvua ikianza, wewe unasema nini?"

"Mvua nanyesha."

"Maziwa kwa moto?"

"Maziwa nachemka."

"Jane," Afedra alisema, "kwa Kiswahili chako, mama huyu ananyesha. Tena anachemka."

Rosa alicheka bila kutaka. Jane hakucheka. Alikuwa akiutazama mstari aliouandika.

"Huyo mutu ya gari," Afedra aliuliza, "alitaka nini kwako?"

"Sabuni. Naweka kwa koki."

Afedra aliweka kalamu chini. Mwenye kumimina kutoka kwenye dumu hahitaji sabuni. Aliuliza namba ya gari, na Rosa akatikisa kichwa. Alikuwa ametazama mikono ya dereva, si namba.

"Mama, nisamehe," Jane alisema. Aliandika upya, akasoma: mafuta yalimwagika. Rosa alimtaka arudie mara tatu, na kila mara aliuliza, "Nani namwaga?" Kila mara Jane alijibu, "Gari, mama." Ndipo akaweka dole.

"Jina haliendi ukutani," Afedra alisema. Kisha akavua miwani. "Lakini kanuni iko na mstari ya pili. Kama aliyemwaga hapana onekana, mwenye shamba nasafisha."

"Basi bado mimi."

"Bado wewe, mama."

Alianza Jumatatu. Udongo ulitoka mweusi, mzito, ukinuka mpaka ndani ya nyumba, na dodo aling'oa kwa mkono, tuta baada ya tuta. Kisima kingepimwa baada ya mvua. Hakuna aliyeahidi zaidi ya hapo. Siku ya tatu Zam alikuja, akashika mdomo wa gunia ili Rosa atie udongo. Walijaza magunia mawili.

"Nasikia mafuta namwaga," Zam alisema mwishoni, macho chini.

"Ndiyo. Namwaga."

Juu ya kona lori la tangi lilipunguza mwendo. Rosa aliacha jembe, akapanda mbio hadi ukingo wa lami, akainama kutazama koki ya nyuma, akitafuta rangi ya buluu. Haikuwepo. Akashuka, akashika jembe. Baada ya muda akasikia jingine likija, akapanda tena.