Mchongaji Niliyemwandika Hanywi Dawa

Kabla sijaingia kwenye utafiti nilikuwa nesi wa kliniki ya presha, upande wa Temeke, kwa miaka sita. Kazi yangu ilikuwa kupima, kuandika na kuonya. Siku za kliniki wagonjwa walijaa kwenye mabenchi tangu alfajiri, na ikifika saa sita mchana nilikuwa nimeshika mikono ya watu wengi ambao sura zao sikuwahi kuzitazama vizuri. Mgonjwa ambaye presha yake haikushuka nilimuuliza kama dawa anakunywa. Akisema anakunywa, nilimuuliza tena. Akishikilia jibu lake, niliandika kwenye daftari lake kwamba hanywi. Wote pale tulifanya hivyo, na mara nyingi tulikuwa sahihi. Watu huacha dawa wakipata nafuu, au jirani akiwaambia kuwa dawa za presha ukishazianza ndiyo basi tena, utazinywa maisha.

Baadaye nikachukuliwa kwenye utafiti wa homoni na presha. Daktari aliyeuongoza alikuwa mama mmoja wa sauti ndogo, aliyependa kuchora anapoeleza. Siku ya kwanza alituchorea figo mbili ubaoni, na juu ya kila figo akaweka kitu kama kofia iliyokaa upande. Alisema hizo ni tezi, na kazi yao mojawapo ni kutoa homoni inayouamuru mwili ushike chumvi. Kwa watu wengine tezi hizo hazijui kunyamaza. Homoni inatoka wakati wote, mwili unashika chumvi na maji, presha inapanda, na potasiamu, madini yanayoipa misuli nguvu, inapotea kwenye mkojo. Mtu wa namna hiyo anaweza kumeza dawa za kawaida mpaka achoke, na presha ikabaki palepale. Sisi tulitakiwa kumtafuta mtu huyo miongoni mwa wagonjwa walioshindikana kwa dawa tatu.

Mie nilipangiwa Mtoni. Ninakaa Kimara, hivyo niliondoka nyumbani giza halijaisha, kwa sababu damu ya kupima homoni ile huchukuliwa asubuhi, mtu akiwa ameshaamka kwa muda wa saa mbili hivi, kisha ametulia kitini kidogo.

Nyumba ya tatu kwenye orodha yangu ilikuwa ya mchonga vinyago. Yeye na mkewe walikuja mjini kutoka kusini wakiwa vijana, na walikuwa na vyumba viwili kwenye nyumba yenye wapangaji wengine. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, anapiga msasa kinyago cha mpingo kilichochongwa na mtu mwingine. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniangalia kwa muda. Sikumkumbuka.

Mkewe ndiye aliyeeleza. Kwa mwaka mzima mumewe alikuwa hachongi. Patasi ilikuwa inamponyoka. Vidole vilikuwa vinakaza katikati ya kazi, na asubuhi nyingine miguu inakataa kumwinua kwenye kigoda, mpaka ainuliwe. Majirani walisema amerogwa na mchongaji mwenzake mmoja wa mtaani, na yeye mwenyewe, ingawa hakusema, alikuwa ameacha kumsalimia mtu huyo.

Nikaomba daftari la kliniki. Mama yule alilileta, akalifungua mwenyewe, akaniwekea kidole kwenye ukurasa. Palikuwa pameandikwa: Hanywi dawa kama alivyoelekezwa. Ameonywa. Chini yake, tarehe nyingine, maneno yaleyale.

"Huu ni mwandiko wako, nilikuwepo," alisema.

Nikasema ni wangu.

Akaingia ndani, akatoka na kiroba, akakimimina kwenye mkeka mbele yangu. Yalikuwa maganda ya vidonge, yale ya karatasi ya rangi ya fedha, kila kishimo kimetobolewa. Alianza kuyaweka siku niliyoandika kwa mara ya pili. Alitaka kuyapeleka kliniki, mumewe akamkataza, akasema wataambiwa vidonge wamevitoa wakavitupa chooni.

"Mie ndiye ninayempa," alisema. "Namwekea mkononi, naangalia mpaka ameze. Sasa nyie mkiandika hanywi, mnamwandika nani?"

Ningependa kusema kwamba niliomba radhi palepale. Sikuomba. Nilitoa fomu ya ridhaa nikaanza kuisoma kwa sauti, kama nilivyofundishwa, na nilipofika mwisho nikauliza kama kuna swali. Mzee aliuliza damu yake itakwenda wapi. Nilimwambia itapimwa, na majibu yatamrudia yeye kwanza. Akaweka sahihi. Ilimchukua muda, kwa sababu kalamu nayo ilikuwa inamteleza.

Baada ya damu ilikuja zamu ya mkojo. Tulikuwa tunakusanya wa siku nzima, asubuhi mpaka asubuhi, kwenye dumu moja la lita tatu. Katika nyumba yenye choo kimoja cha kushirikiana hilo si jambo jepesi. Mama alilitumbukiza dumu kwenye ndoo ya maji baridi, akaliweka chumbani nyuma ya pazia, na mpangaji mmoja aliyechungulia akaambiwa ni mafuta ya taa. Jioni ile, kabla ya magharibi, alinipigia simu Kimara kuniambia dumu limejaa. Nilidhani wamechanganya na maji. Hata hivyo nilichukua dumu jingine nikarudi Mtoni, na nilipofika mzee alinieleza kwamba ndivyo anavyokuwa siku zote. Hakuwahi kulala usingizi mmoja mpaka asubuhi kwa miaka. Nilimuuliza kwa nini hakusema kliniki. Alisema hakuulizwa.

Majibu ya homoni yalichukua wiki kadhaa. Ya potasiamu yalirudi kesho yake, na daktari alinipigia mwenyewe. Ilikuwa chini kiasi cha kuweza kuusimamisha moyo. Nilikodi bajaji mpaka nyumbani kwao, nikawakuta wanakunywa chai, nikawaambia tuondoke sasa hivi. Mzee alimaliza kikombe chake kwanza. Alilazwa siku nne, akiongezewa potasiamu kwa dripu. Siku ya tatu alinyanyuka kitandani bila kushikwa, akaenda dirishani akarudi, akaketi, halafu akanyanyuka tena, kama mtu anayejaribu kiti kipya.

Majibu ya homoni yalipotoka, daktari alikuja Mtoni kuwaeleza. Alichora figo zake na kofia zake nyuma ya bahasha. Homoni ya tezi ilikuwa juu mno, na ile ya figo ambayo kwa kawaida ndiyo huiamsha ilikuwa imelala kabisa. Maana yake tezi zilikuwa zinafanya kazi bila kuamriwa na mtu. Picha za tumbo alizopigwa hospitalini zilionyesha kwamba tezi zenye kasoro ni zote mbili, kwa hiyo upasuaji haukufaa. Kulikuwa na kidonge cha kuizuia ile homoni, kidonge cha zamani kinachojulikana. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama mtu anaweza kumrushia mwenzake ugonjwa huo. Daktari akasema hapana. Wiki hiyohiyo nilisikia mzee alikwenda kumsalimia yule mchongaji mwenzake.

Siku ile daktari alipoondoka mie nilibaki. Nikawaambia kwamba nilikosea kuandika yale maneno, na kwamba nilikuwa sijatazama. Mzee alisema, "Uliandika ulivyofundishwa." Mkewe aliinamia sufuria zake. Akasema kwamba yeye bado hajasahau, lakini chai ipo, nikae ninywe. Nikakaa.

Presha ilishuka taratibu. Mwezi wa pili nilimkuta na patasi mkononi, amechonga uso wa mwanamke aliyefumba macho, na hakuinua kichwa nilipoingia. Mwezi wa nne ilipanda tena. Nilipima mara tatu, mkono huu na ule. Mkewe alikuwa amekwenda sokoni. Nilijua swali nililokuwa nalo mdomoni, nikaliacha. Badala yake nilimuuliza dawa ile inamfanyia nini mwilini.

Alitazama mlangoni, kisha akafungua vifungo viwili vya shati. Kifua chake kilikuwa kimevimba pande zote mbili na kinamuuma akigusa. Alisema yeye ni mtu mzima mwenye wajukuu, hawezi kuoga kisimani mbele ya wenzake akiwa na kifua cha msichana. Kwa wiki tano alikuwa anakificha kidonge chini ya ulimi, mkewe akigeuka anakitema. Maganda matupu yaliendelea kuingia kwenye kiroba kama kawaida.

"Usimwambie," alisema. "Ataniona nimemfanya mwongo."

Jambo lile linajulikana kwa wanaume wanaokunywa dawa ile, na limo kwenye maelezo tuliyopewa. Nilikuwa nimelisoma kwenye semina. Hakuna aliyemwambia yeye. Nilimpigia daktari, dozi ikapunguzwa, na dawa ya aina nyingine ikaongezwa. Kwa mkewe sikusema neno, ila nilimshauri mzee amwambie mwenyewe. Alimwambia mwezi mmoja baadaye. Najua kwa sababu mama alinipigia simu akacheka kwa muda mrefu, halafu akalia kidogo, halafu akaniuliza nyanya Kimara zinauzwaje.

Utafiti uliisha na timu ikatawanyika. Miongoni mwa watu wa orodha yangu alipatikana yeye na wengine wachache wenye ugonjwa huo. Waliobaki walikuwa na presha ya kupanda ya kawaida, isiyotokana na tezi, na baadhi yao kweli walikuwa hawanywi dawa. Mie nilirudi kliniki. Mabenchi yanajaa vilevile, na muda kwa kila mgonjwa ni uleule mfupi. Sasa ninauliza kuhusu mkojo, kuhusu miguu kukosa nguvu, kuhusu vidole kukaza. Wenzangu wananiona nachelewesha foleni, na ni kweli naichelewesha.

Mzee anaendelea. Presha yake haijawahi kuwa ya kijana, na misuli ya moyo wake imenenepa kwa kusukuma presha ya miaka ile iliyopita, jambo ambalo kidonge hakiwezi kulirudisha nyuma lote. Vinyago vikubwa ameviacha. Anachonga vidogo, vya kiasi cha kiganja, watu wawili wamebebana au mama na ndoo kichwani, na mteja wake mkubwa ni yule mchongaji mwenzake, ambaye siku hizi amefungua duka la vinyago.