Mwendo wa Jeneza

Kwetu jeneza haliendi polepole. Tangu chuoni, tukiwa watoto wa kukaa mkekani, tulifundishwa kwamba maiti akiwa mwema, mharakishieni wema wake. Na akiwa si mwema, mtueni begani upesi. Kwa hivyo wanaume wa kijiji chetu, hapa karibu na Msambweni, wakishalibeba ni kama wanafukuzwa. Hupokezana wakiwa mwendoni, mmoja anatoa bega, mwingine anaingiza lake, na kila mtu anataka hatua zake chache za thawabu. Baba yangu alikuwa bingwa wa jambo hilo. Hakuna aliyezikwa kijijini bila bega lake, na mtu ambaye hakumbeba babake mzazi, baba alikuwa akimtaja kwa kusonya.

Mimi ndiye mwanawe wa pekee wa kiume.

Kazi yangu ni kuezeka makuti, au ilikuwa. Mwaka juzi niliteleza kutoka kwenye paa la banda huko Galu, na mguu wa kushoto ukavunjika mahali pawili. Ulipopona ulikuwa mfupi kuliko mwenzake, na goti likakataa kukunjika. Kabla sijaacha magongo, baba naye akalala kitandani, akawa hainuki. Watu walikuja kutupa pole, na pole zao wakazifunga kwa methali: mwenda pole hajikwai. Sina ugomvi na wahenga, lakini aliyeitunga hiyo alikuwa na miguu miwili mizima.

Hospitalini walinipa daktari wa mazoezi, binti wa kutoka bara, mcheshi, mwenye vidole vigumu kama vya mkuna nazi. Aliniwekea programu kwenye simu. Unabonyeza ukianza, unabonyeza ukifika. Simu inachukua masafa uliyokwenda, inayagawa kwa muda uliotumia, inakupa mwendo wako wa wastani. Aliniuliza ninataka niweze kutembea mpaka wapi. Nikamwambia sokoni. Nilichokitaka hasa ni kutembea kutoka msikitini hadi makaburini, jeneza la baba likiwa begani mwangu, bila kuachwa.

Hilo sikumwambia mtu. Ungelisemaje? Baba yu hai, anakunywa uji, anauliza bei ya samaki, nawe unajipima kwa ajili ya kumzika. Nilitoka kila siku baada ya sala ya alfajiri. Nilibonyeza simu mlangoni mwa msikiti, nikafuata ukingo wa lami, nikaingia kwenye minazi, mpaka makaburini ambako ni mchanga mtupu. Simu ikaniambia ninakwenda kilomita mbili na nusu kwa saa. Sikujua kama ni nyingi au chache, kwa sababu sikujua jeneza linakwenda ngapi.

Basi alipofariki jirani yetu mmoja, nilibonyeza simu pale mlangoni nikaitia mfukoni mwa kanzu ya shemeji yangu, mume wa dada yangu, mtu wa mabega mapana asiyekosa mazishi.

"Nishikie, isije ikaanguka. Mkifika makaburini, bonyeza hapa," nikamwambia.

Akaipokea bila swali. Aliponirudishia, ilisema sita. Nilikaa chini kwenye kisiki cha mnazi nikaitazama ile sita kama mtu aliyeletewa barua ya kufukuzwa kazi.

Hapo ndipo nilipoanza kugombana na wastani. Kwenye lami nilikuwa ninakwenda vizuri tu. Mchanga ndio uliokuwa ukinimaliza. Mguu unazama, ninauvuta kama ninang'oa muhogo. Sasa mbona simu ichanganye lami na mchanga kwenye chungu kimoja? Tena katikati ya njia kuna kisima, na hapo nilikuwa ninasimama kuvuta pumzi. Niliona ni dhuluma mtu kuhesabiwa hata akiwa amesimama. Nikawa ninaisimamisha simu nikifika kisimani, na kuiwasha tena nikiondoka. Wastani ukapanda! Nikaenda hospitalini kifua mbele. Yule binti alipogundua nilichofanya alicheka mpaka akashika meza.

"Aki mzee, hiyo ni kujidanganya. Ukisimama, njia inakuwa fupi?"

"Haiwi."

"Na wenye unatembea nao, watakungoja hapo?"

 Niligeukia dirishani kwa sababu machozi yalikuwa yamenijaa machoni. Yeye akadhani ni goti linaniuma, akaanza kulikanda.

Baada ya hapo sikuisimamisha tena. Nilipita kisima bila kupumzika siku nilizoweza, na siku nilizoshindwa nilisimama nikajua ninahesabiwa. Wiki zilipita, mbili na nusu ikawa tatu kasoro, kisha tatu. Halafu ikagoma. Nilibadilisha viatu, nikajaribu kwenda pekupeku, nikasoma uradi kwa kasi ili miguu ifuate ulimi. Wapi! Ilikuwa ni tatu, kila asubuhi tatu, na baba kila asubuhi alikuwa amepungua kidogo.

Jioni moja nilikuwa ninampaka baba mafuta miguuni. Ngozi ilikuwa imelegea, lakini nyayo bado zilikuwa pana na ngumu, nyayo za mtu aliyetembea sana.

"Siku hizi unakwenda wapi asubuhi?" akaniuliza.

"Kufanya mazoezi, baba."

"Mazoezi ya upande wa makaburini?"

 Aibu niliyoisikia ilikuwa ya mtoto aliyekutwa akidokoa chunguni. Baba akatabasamu.

"Umefika ngapi?"

"Tatu."

"Na wenzako?"

"Sita, baba."

Akafikiri kidogo, akitazama dari. "Basi usihangaike, mwanangu. Siku hiyo nitawaambia wakungoje."

Tulicheka sote wawili, tukacheka mpaka dada yangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Nilimpenda baba jioni ile kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu.

Alifariki wakati wa masika, na mimi bado niko kwenye tatu. Tulimsalia baada ya sala ya alasiri, wingu likiwa limeshuka juu ya minazi. Kabla hatujatoka, wachimba kaburi walituma mtu: mchanga umeanza kuporomoka, na mvua ikinyesha kaburi litajifukia, tufanye haraka. Pale mlangoni mkono wangu ulitoa simu ukabonyeza, kama kila siku, kabla akili haijajua unafanya nini. Kisha wakanipa nafasi ya mbele, nikaingiza bega.

Baba alikuwa mwepesi. Hilo sikulitarajia. Nilikwenda naye mpaka lami, kisha mtu akanigusa akaingiza bega lake, kama ilivyo ada, nami nikatoka pembeni nikitaraji kurudi tena mbele. Mbele kulikuwa kumeshaondoka.

Shemeji alinirudia mbio. "Shemeji, tukungoje? Au nikuitie bodaboda?"

Matone ya kwanza yalikuwa yanaanguka. Wazee walikuwa wanatutazama, na jeneza lilikuwa linakwenda.

"Tangulieni," nikamwambia. "Ninawafuata."

Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye miguu. Nikakaza mwendo. Kisimani sikusimama. Nilisikia sauti zao za tahalili zikipungua ndani ya minazi, mpaka mvua ikazifunika, nikabaki na pumzi zangu na ule mguu. Nilikuwa ninalia na nimekasirika, sijui nimemkasirikia nani.

Nilipofika nikabonyeza simu, kwa mazoea yaleyale. Shemeji ndiye aliyekuwa ameteremka kumpokea baba kaburini, kanzu yake imejaa mchanga. Mbao zilikuwa zimeshapangwa na majembe yalikuwa kazini. Watu wakanipisha. Nilitupa makonzi yangu matatu ya mchanga mahali ambapo palikuwa karibu kujaa.

"Kuta zilikuwa zinaanguka, shemeji," akaniambia. "Hatukuweza kungoja."

"Ninajua," nikamwambia, na kweli nilijua.

Dua ilipokwisha wakaondoka, nikabaki. Nikaitoa simu mfukoni ili niizime. Kiooni ilikuwa imeniandikia hongera: nne na kidogo, mwendo wangu wa kasi kuliko siku zote.

Nikaketi pale kwenye mchanga uliolowa, mguu nimeunyoosha.

"Hukuwaambia, baba," nikasema.