Kiraka cha Maua

Mama mkwe wangu ni fundi wa mapazia, na hamwamini mtu. Hata mizani ya muuza nyama huikagua chini kwanza. Kwa hiyo daktari wa macho aliposema jicho la kushoto la binti yangu ni vivu, na dawa yake ni kuliziba lile zima ili vivu lilazimike kufanya kazi, bibi aliguna. "Kwa mtoto huyu? Thubutu!"

Daktari alituonya: akishakua, jicho hilo halitaamka tena. Nikakosa usingizi. Binti yangu alibandua kila kiraka cha hospitali, kimoja nilikikuta kwenye mkia wa paka. Tulimbembeleza, tukamtisha, wapi! Ndipo bibi akajitolea kumshonea vyake, mtoto achague kitambaa mwenyewe. Akachagua cheupe chenye maua, na tangu hapo akavaa kutwa bila neno.

Tuliporudi kliniki, jicho halikuwa limepata nafuu hata chembe. Daktari alinitazama kama mwongo. Nami nikajua mchawi wangu ni nani. Nikienda kazini, nani anabaki na mtoto? Nani aliguna? Kikulacho ki nguoni mwako. Siku iliyofuata nilirudi mchana bila taarifa, nimefura, nikanyata mpaka mlangoni.

Mtoto alikuwa anachora, kiraka usoni. Bibi yuko kwenye cherehani, amemkazia macho.

"Umekuja kunichunga," akasema bila kugeuka. "Vizuri. Na mimi namchunga huyu. Mtoto kafungwa jicho, halii, hakwaruzi, hagombani na mtu? Ana lake jambo. Hebu lete hicho kiraka."

Mtoto akakishika kwa mikono miwili. "Bibi, si navaa lakini!"

"Lete."

Bibi akasukuma miwani utosini, akakivaa kwenye jicho la kulia, akanigeukia. "Blauzi ya kijani. Na vifungo umevifunga kombo."

Nikajitazama. Kweli. "Sasa ajabu iko wapi, mama? Si unaona kwa la kushoto!"

"La kushoto?" Akacheka, lakini hakuwa na furaha. "La kushoto halitofautishi wewe na mlango, tangu utotoni. Nimekuona kupitia hiki kitambaa. Ni cha pazia la ndani, la kupitisha mwanga! Kajukuu kamenichagulia makusudi, na mimi fundi mzima nikashona."

Nilitamani ardhi inimeze. Miaka yote nimekaa naye nyumba moja, namtafutia makosa, na hilo sikulijua.

Binti yangu alikuwa ameinama, anasubiri kugombezwa. Hakuna aliyemgombeza. Akasogea, akagusa shavu la bibi chini ya lile jicho.

"Bibi, wewe hawakukufunga?"

"Walinifunga. Nikalia sana. Mama yangu akanihurumia, akanivua."

Mtoto akachakura kwenye mfuko wa vipande, akatoa cheusi kizito, akakiweka kwenye jicho lake zima na kugeukia dirisha. "Hiki sioni kitu," akasema, akampa bibi ashone.

Cherehani ikaanza kulia. Binti yangu akaja kusimama mbele yangu, midomo imeshaanza kumtetemeka.

"Mama," akasema, "nikilia usinivue."