Ng'ombe wa Derk na Hesabu ya Dada Yake

Aaltje Reurink alikuwa na kazi ambayo watu wa kwetu waliicheka kwanza, baadaye wakaiogopa. Alipima kinachotoka nyuma ya ng'ombe. Aliifanyia kwenye banda la utafiti nje kidogo ya mji, na wanaume waliokunywa bia Ijumaa hawakumwacha apite hivi hivi.

"Aaltje, leo wamekunyea wangapi?"

"Walioninyea ni wengi," alikuwa akijibu, "lakini wa miguu miwili wanaongoza."

Kazi yenyewe aliieleza kwa maneno machache. Huna haja ya kumfuata ng'ombe malishoni na ndoo. Angalia naitrojeni iliyomo kwenye chakula anachokula, toa iliyokwenda kwenye maziwa, toa iliyobaki mwilini. Inayosalia ndiyo imemwagika kwa mkojo na samadi. Kwa ng'ombe wa utafiti alihakikisha kwa kukinga kila kitu kwenye mipira na trei. Kwa ng'ombe wa wakulima hakukuwa na mipira. Yalikuwa makadirio, na makadirio hayo ndiyo mkoa ulikuwa ukiyasubiri.

Kwa sababu kinamasi kilikuwa kinakufa. Sisi tuliokulia pembeni yake tulikiona kinabadilika. Ule ukoka laini wa majini ulifunikwa na nyasi ndefu, na vile vimea vyekundu vinavyonasa wadudu, ambavyo utotoni tulivikuta kila mahali, sasa ulivitafuta kwa magoti. Amonia, gesi yenye naitrojeni inayotoka kwenye mkojo na samadi mabandani, ilikirutubisha kitu kisichotaka rutuba. Aaltje alilijua hilo kuliko wengi, na shamba lililokuwa karibu zaidi na kinamasi lilikuwa la mdogo wake, Derk, mahali walipozaliwa wote wawili.

Mkoa ulipotangaza kwamba shamba litakalokuwa chini ya kikomo cha naitrojeni litabaki, na litakalozidi litanunuliwa na kufungwa, Derk hakulalamika kama wengine. Alikwenda kwa dada yake.

"Nifundishe niwalisheje," alimwambia.

Wakaanza pamoja. Kwa majira mawili ya baridi Aaltje alipita kule kila alipotoka kazini. Walipunguza mashudu ya soya, wakaongeza mahindi yaliyosindikwa, wakakata majani yakiwa yamekomaa kidogo ili protini, ambayo ndiyo hubeba naitrojeni, ipungue. Maziwa yalishuka, kisha yakapanda tena taratibu. Rieneke, mke wa Derk, alikuwa akiwawekea kahawa na mkate wa zabibu kwenye ukingo wa hori, akisema hajaona ndugu wawili wanaofurahia mkojo kiasi kile. Mama yao, aliyekuwa bado anaishi chumba cha mbele, alisema hajawaona wakielewana hivyo tangu baba yao afe. Na hesabu ilikuwa inateremka. Derk alianza kumwita dada yake "mganga wangu".

Ilipofika siku ya makadirio ya mwisho, Aaltje aliyafanya mwenyewe, kisha akampa mwenzake ayarudie asije akasemwa. Yalitoka yale yale. Derk alikuwa juu ya kikomo. Juu kidogo tu, kama maji yanayozidi mdomo wa kikombe.

Jumapili, baada ya kanisa, aliwaambia mezani. Derk alikizungusha kikombe chake.

"Dada, si ulinifundisha kwamba makadirio yana upana? Kwamba kweli inaweza kuwa juu kidogo au chini kidogo?"

"Ndiyo."

"Chini kabisa ya huo upana, mimi niko ndani au niko nje?"

"Uko ndani."

"Basi andika hapo."

Alimweleza kwamba haiwezekani. Kila mkulima alikuwa amepewa namba ya katikati. Wessel Oonk, jirani yao wa upande wa mto, alipewa ya katikati mwaka uliotangulia, naye akauza akiwa na upana huo huo.

"Wessel si ndugu yako," Derk alisema.

"Ndiyo maana siwezi, mdogo wangu. Wewe ndugu yangu nikuandikie ya chini, yeye nimwambie nini tukikutana?"

Rieneke alikuwa amesimama kwenye sinki, mgongo umewaelekea. Alizungumza bila kugeuka. "Wifi, wewe huna mtoto wa kumwachia kitu. Ndiyo maana mkono wako hautetemeki."

Hakuna aliyemkemea. Aaltje alichukua koti lake akaondoka, na akiwa uani aligundua kwamba mkono ulikuwa ukitetemeka kiasi cha kushindwa kufungua kufuli ya baiskeli.

Ng'ombe waliondoka majira ya kuchipua, siku ambayo kwa kawaida Derk huwafungulia watoke nje kwa mara ya kwanza na watu huja na watoto wao kuwatazama wakirukaruka. Safari hii majirani tulikuja vilevile, kama ilivyo desturi yetu panapokuwa na mazito, tukasimama bila kujua mikono yetu tuiweke wapi. Aaltje alisimama mbali, nje ya geti.

Walipanda malori vizuri, isipokuwa mkubwa wao, Liesbet, ng'ombe mzee aliyekuwa akitangulia wenzake kwenda kukamuliwa. Alifika kwenye ngazi ya lori akagoma. Dereva alitaka kutumia fimbo. Derk alimzuia, akapita mbele ya Liesbet, akapanda lorini yeye mwenyewe bila kutazama nyuma. Ng'ombe akamfuata, kama alivyozoea. Derk alibaki humo ndani muda mrefu. Aliposhuka alishuka peke yake, akapita katikati yetu, akaingia ndani.

Banda lilivunjwa kama mkataba ulivyotaka. Derk na familia yake wakahamia nyumba ya mjini, iliyobanana na nyingine. Derk akapata kazi ya kuendesha basi la shule. Rieneke alisema mumewe bado aliamka wakati wa kukamua, akavaa, kisha akakaa jikoni na viatu vyake miguuni. Kwa dada yake hakwenda, wala hakumfukuza alipokuja. Alimwitikia salamu tu, basi.

Halafu likaja lililo baya zaidi.

Katika banda la utafiti walianza jaribio jipya, na Aaltje ndiye aliyekuwa akipima mabaki ya horini. Ng'ombe waliolishwa kwa namna ya Derk, mahindi mengi na majani yaliyokomaa, walikuwa wakichambua. Walikula mahindi wakasukuma pembeni sehemu ya majani. Hesabu ya zamani ilichukulia kwamba karibu chote kilichowekwa horini kimeliwa. Kumbe sivyo. Kisichoingia mdomoni hakitoki nyuma. Walipima tena na tena, mpaka watu wa hesabu wakakubali kubadilisha kanuni nzima.

Aaltje aliirudia hesabu ya Derk kwa kanuni mpya. Alikuwa chini ya kikomo. Tangu mwanzo alikuwa chini.

Wenzake walimshauri anyamaze. Banda halipo, walisema, ng'ombe hawapo, unakwenda kumpa nini? Alikaa nalo wiki kadhaa. Mwishowe akaenda, kwa kuwa aliona ni heri Derk alisikie kwake kuliko kwa watu wa bia.

Derk alimkaribisha, akamwekea kahawa. Alisikiliza yote bila kumkatiza. Alipomaliza, Derk alitazama dirishani, ambako hakukuwa na kitu ila ukuta wa jirani.

"Yaani ungenidanganya siku ile," alisema polepole, "ungekuwa umesema kweli."

"Nilikwambia nilichokijua, Derk."

"Najua. Hujakosa kitu. Hilo ndilo linaloniua." Akavuta pumzi. "Angalau zamani nilikuwa na mtu wa kumlaumu. Nenda nyumbani, dada. Usije kwanza."

Hakuja. Ilipita zaidi ya miaka miwili. Aaltje aliendelea na kazi, kwa sababu kinamasi bado kilihitaji mtu wa kupima na wakulima bado walihitaji mtu asiyewapendelea wala kuwaonea. Lakini mizaha ya Ijumaa ilikwisha. Alipita, tukamsalimu, akaitika.

Mama yao alifariki mwezi wa Novemba. Makaburini kulikuwa na upepo, na ndugu hao wawili walisimama upande mmoja kwa kuwa ndivyo walivyopangwa. Jeneza lilipoanza kuteremka, Derk alimshika dada yake mkono. Niliwaona, nilikuwa nyuma yao. Alimshika kwa nguvu, kama mtu anayevuka mahali panapoteleza, mpaka mchungaji alipomaliza sala. Kisha akamwachia, akarudi kwa Rieneke, na ukumbini kwenye kahawa wakakaa meza mbalimbali.

Pale ndipo walipofika. Aaltje ameniambia hajui kama watafika mbele zaidi ya hapo, na safari hii hataki kukadiria.