Kofia Inayovalika Juu ya Mtandio

Juzi, kwenye benchi la hospitali hapa Kilwa, nilikaa na mama aliyepakata kofia ngumu ya pikipiki. Ilikuwa ya mtindo mpya, yenye matundu ya hewa, inayovalika juu ya mtandio. Upande mmoja ilikuwa imepasuka.

"Mwanangu kaninunulia," aliniambia. "Za zamani nilizikataa, zilinivua mtandio. Leo tumeanguka tukitoka Kipatimu."

"Yeye alivaa ipi?"

"Hana. Alisema, 'Yangu baadaye, mama.'"

Muuguzi akatoka, akamshika mkono. "Pole, mama. Mwanao hatunaye tena."

Mama hakulia. Alianza kuifuta kofia vumbi kwa ncha ya kanga.

Walioibuni walifikiria mpaka mtandio, Mungu awape kheri. Mimi nilisogea karibu na yule mama, nikamshikia kofia afute na upande uliopasuka.