Magunia Katika Maabara ya Mutandala

Wakati wa masika ya mwaka 1969, Jael Navalayo alikuwa na umri wa miaka kumi na minne, na utosi wake ulikuwa umeanza kunyonyoka nywele kwa kubeba matofali. Kila Jumamosi wasichana wa Shule ya Misheni ya Mutandala waliteremka hadi kwenye tanuri kando ya mto Isiukhu, kisha wakapanda kilima kwa safu, matofali mawili mawili kichwani, wakiimba tenzi za kanisani. Kabla tofali halijakauka, kila msichana aliruhusiwa kuchora juu yake herufi za jina lake kwa kijiti. Hayo yalikuwa matofali ya maabara. Ilipokamilika, Jael aliwasha moto wa gesi kwa mkono wake mwenyewe, na moto huo ukawa riziki yake. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa msaidizi wa maabara katika shule kubwa ya wavulana mjini, akiosha mirija na kupima asidi, huku watoto wa watu wakipita mikononi mwake wakaenda kuwa madaktari.

Kwa hiyo mjukuu wake Gentrix alipomaliza gredi ya tisa na fomu ya kuchagua shule ikaletwa nyumbani Amalemba, Jael hakwenda kutazama shule yoyote. Aliandika Mutandala mstari wa kwanza, kwa mwandiko wake mzuri wa misheni.

"Kukhu, wenzangu walizungukanga shule zote wakilinganisha," Gentrix alimwambia bibi yake.

"Wao hawajui. Mimi najua. Ile shule niliibeba kwa kichwa hiki."

Mtoto alichaguliwa kwenda Mutandala, mkondo wa sayansi. Kanisani waliombewa, wakapigiwa makofi.

Siku ya kuripoti, Januari, langoni palikuwa na rangi mpya na basi jipya lililooshwa likang'aa. Bawabu, mzee mmoja aitwaye Wanzala, alimtazama Jael aliyebeba ndoo na godoro, akacheka. "Mama, nawe umekuja kuanza gredi ya kumi?"

"Mkinifungulia maabara, nitaanza leo."

Jael mwenyewe alidhani anatania tu. Lakini naibu wa mwalimu mkuu, Bwana Khaemba, alipoombwa awaonyeshe maabara, alianza kusifu basi. Akasifu lango. Akasifu kwaya. Jael akamwacha akisifu, akazunguka jengo mwenyewe, akapangusa kioo cha dirisha kwa kitambaa chake cha kichwa. Ndani mlikuwa na magunia ya mahindi hadi darini. Mabomba yalikuwa yameng'olewa. Juu ya meza ya vigae, pale alipowashia moto wake wa kwanza, panya alikuwa akipita polepole kama mwenye nyumba.

"Watoto wa sayansi hujifunzia wapi?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya chini mno.

"Darasani, mama. Mwalimu huchora majaribio ubaoni, wao wananakili. Na mama asisahau, shule hii iko na jina."

"Jina halichemshi maji, Bwana Khaemba."

Akamshika Gentrix mkono wakarudi nyumbani na godoro lao. Mtoto alilia njia nzima kwa aibu, naye Jael hakumbembeleza, kwa sababu hasira aliyokuwa nayo ilikuwa imegawanyika sehemu mbili, na sehemu kubwa ilimwelekea yeye mwenyewe. Angezunguka. Siku moja tu, angezunguka!

Kesho yake alizunguka, Gentrix akimfuata nyuma. Katika shule ya bweni yenye sifa kuliko zote, mabomba yalitoa maji na sakafu iling'aa, ila aliambiwa nafasi zimejaa. Ikabaki shule ya kutwa iliyo nyuma ya mtaa wao, ile ambayo watu wa Amalemba huiita shule ya vumbi na kuwatishia nayo watoto wavivu. Jael aliingia maabara ya shule hiyo bila kubisha hodi, akafungua bomba la kwanza. Kavu. La pili, kavu. La tatu likakohoa, likatoa maji. Mwalimu kijana, Lynette, alikuwa akisimamia watoto arobaini kwa vichomeo vitatu vya gesi, na kila mtoto alikuwa na zamu yake iliyoandikwa ukutani.

"Tunabanana, mama," Lynette alisema, "lakini hakuna anayemaliza wiki bila kushika mrija."

"Wamevunja mingapi?"

"Mingi!"

"Basi wanasoma," Jael akasema.

"Watanicheka, Kukhu," Gentrix alinong'ona.

"Wacheke. Wewe utakuwa unashika mrija."

Ijumaa Jael alirudi Mutandala peke yake kuchukua barua ya uhamisho. Bwana Khaemba aliitia sahihi upesi, kama mtu atoaye mwiba mguuni.

"Haya, mama. Umepata ulichotaka. Nenda kwa amani."

Jael aliikunja barua, akaifunga katika leso. Nje ya ofisi palikuwa na wasichana waliokuwa wakiripoti kwa kuchelewa, wamesimama juani na ndoo zao, baadhi yao wakiwa wametoka mbali kama Mautuma. Mmoja alimwamkia kwa heshima.

"Na hawa?" Jael aliuliza.

"Hawa si wajukuu wako."

Hapo ndipo mama yule, ambaye katika miaka thelathini na mmoja ya kazi hakuwahi kumpazia mkubwa wake sauti, alipaza sauti mpaka kwaya iliyokuwa ikifanya mazoezi ukumbini ikanyamaza. "Tofali la tatu kutoka mlangoni lina herufi zangu! Sikulibebea mahindi! Toeni!"

Akachukua kiti cha bawabu, naye Wanzala hakumzuia. Akakiweka mbele ya mlango wa maabara, akaketi.

Saa kumi alasiri vibarua wa jikoni, kwa amri ya Bwana Khaemba, walikuwa wametoa gunia la kumi na moja. Jael Navalayo alikuwa bado ameketi pale, akihesabu kwa sauti.